Kasi na Kamba

Wahenga wa pwani wametuachia usemi: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi watu wa bara tuliukariri shuleni bila kuona chombo chochote zaidi ya mtumbwi. Nilipokuwa mwalimu nami niliufundisha miaka mingi, nikiandika ubaoni kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngamani ni kule chini ndani yanakokusanyika maji. Wanafunzi waliandika, nikasahihisha, nikawapa alama zao. Ilinibidi nifike umri wa miaka 68, nikiwa na boti yangu mwenyewe, ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimefundisha maneno tu, na maana yake sikuwa nimeionja.

Msomaji atauliza: mwalimu mstaafu wa Chitete na boti ya mwendo wa kasi, wapi na wapi? Swali ni la haki. Chitete ni mahali pa mahindi, ufuta na mifugo. Lakini Wilaya yetu ya Momba inashuka hadi kwenye Bonde la Rukwa, na mto uliotupa jina la wilaya unamwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Samaki tunaokula, hasa magege na kambale, wanatoka huko. Mwanangu wa tatu, fundi wa pikipiki, alikuwa ameona jinsi samaki wanavyoharibika kwa jua kabla mitumbwi ya makafi haijafika ufukweni. Akaniambia, “Baba, tukipata boti nyepesi yenye mashine, tutawafuata wavuvi kule kule waliko, na samaki watafika wabichi.” Hesabu yake niliiona ni nzuri.

Lakini nisimsingizie mwanangu. Mimi nilikuwa na sababu yangu, ambayo sikuisema. Katika masomo ya historia nilipenda kuwasimulia watoto habari za vita vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, kila moja ya urefu wa futi 40. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli mpaka Kongo, zikakokotwa milimani kwa mashine za mvuke na maksai, kisha zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, ambayo mzinga wake uliweza kupiga mbele tu. Boti hizo nyepesi zikaizunguka. Nilipokuwa nikisimulia, watoto walikuwa kimya, na mwalimu wao alikuwa na furaha kuliko wao. Tangu hapo nilitamani siku moja nione kitu changu kikipasua maji kwa kasi.

Basi mwaka 2019, kwa fedha za ufuta na kiasi kilichobaki cha kiinua mgongo changu, tulinunua boti ya fiba iliyotumika, ya urefu wa mita tano na nusu, kutoka Kyela. Injini ya kupachika tuliinunua mbali zaidi: nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili na petroli, lita 1 kwa lita 50. Boti ikapanda lori, ikapita Mbeya, ikalala uani kwangu siku nne. Watoto wa jirani waliingia ndani yake wakacheza uvuvi juu ya ardhi kavu. Sikuwafukuza.

Tulipoishusha ziwani nilifedheheka. Boti ilinguruma sana na kutembea kidogo. Tezi ilizama, omo ikainuka kama pua ya mtu mwenye majivuno, na maji yakaruka nyuma ya injini kama chemchemi. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walitazama, kisha wakaendelea kushona. Mwanangu alitaka tuiuze injini tununue ya farasi 60. Nikamwambia hapana, kwanza tupime. Ualimu ulinifunza kwamba mtoto akishindwa mtihani, kabla ya kumwita mjinga, yakupasa uangalie kama ulimuuliza swali linaloeleweka.

Tukasimamisha nguzo mbili ufukweni, mita 500 kati ya moja na nyingine. Mimi nilikaa na saa na daftari. Yeye alipita mbele ya nguzo, kwenda na kurudi, ili upepo usitudanganye. Alikuwa na kipimo kidogo cha mizunguko ambacho waya wake huviringishwa kwenye waya wa plagi. Wastani ulikuwa sekunde 54, yaani kilomita 33 hivi kwa saa, injini ikizunguka mara 4,800 kwa dakika.

Hapo ndipo hesabu za darasa la saba zilipotufaa. Rafadha, ambayo wengi huiita propela, hupimwa kwa hatua yake: umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, mfano wa skrubu ndani ya ubao. Yetu ilikuwa ya inchi 13, yaani sentimita 33. Gia za injini yetu hupunguza mizunguko kwa nusu, kwa hiyo rafadha ilizunguka mara 2,400 kwa dakika. Zidisha kwa sentimita 33, utapata mita 792 kwa dakika, au kilomita 47.5 kwa saa. Maji si ubao, kwa hiyo rafadha lazima iteleze kiasi. Kwa boti nyepesi kama yetu, asilimia 10 hadi 15 si jambo la ajabu. Sisi tulikuwa tunapoteza asilimia 30. Karibu theluthi moja ya juhudi yote ya mashine ilikuwa inaishia kukoroga ziwa.

Ugonjwa tuliugundua kwa rula. Injini za kupachika huwa na miguu ya vipimo mbalimbali. Mfupi ni wa ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Boti yetu ilikuwa ya inchi 15. Injini tuliyouziwa ilikuwa ya mguu mrefu, na aliyetuuzia hakutuuliza, nasi hatukujua kama kuna kuulizana. Juu kidogo ya rafadha kuna bamba bapa linalozuia hewa ya juu ya maji isivutwe chini. Kwa kawaida bamba hilo hukaa karibu usawa wa tumbo la boti. Letu lilikuwa inchi tano chini yake. Tulikuwa tunakokota mguu wa chuma majini kama mtu anayekimbia huku anaburura jembe.

Mwanangu akachonga gogo la mninga, akalifunga kwa boliti juu ya ubao wa tezi, tukainua injini. Tulikubaliana jambo moja, nami ninalisifu mpaka leo: kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kupima. Kwanza kimo cha injini. Kisha pembe yake, kwa kuhamisha pini tundu moja, kwa sababu injini ikiegemea sana nje, omo hupanda na kushuka mfululizo kama pomboo, na ikiegemea sana ndani, omo huchimba maji. Kisha tulihamisha pipa la petroli kutoka tezi hadi katikati. Kila badiliko lilikuwa na mstari wake katika daftari. Siku ya nne boti iliinuka yote juu ya maji, ikanyooka, sauti ya injini ikawa nyembamba, na saa yangu ikasoma sekunde 40. Kilomita 45 kwa saa, mizunguko 5,300, mtelezo asilimia 14. Injini ni ile ile na petroli ni ile ile. Mzee mzima nilirusha kofia.

Niongeze mawili kwa anayetaka kununua. Ziwa Rukwa liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na mashine isiyo na kifaa cha kusaidia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300; farasi 40 wa pwani, kwetu ni kama 37. Pili, rafadha ya mwendo wa peke yako si rafadha ya mzigo. Tulipopakia samaki na barafu injini ilishindwa kufikia mizunguko yake, ikawa inakoroma. Mashine inayokoroma hivyo inakufa kabla ya siku zake. Kwa mzigo tulinunua rafadha ya hatua ya inchi 11. Zaidi ya hayo, ziwa letu halina mlango wa kutokea maji, na maji yake yana magadi yanayokula vyuma. Kila jioni yatakiwa injini isafishwe kwa maji baridi ya kisima.

Sasa nifikie nisilolipenda kulisimulia.

Wakati wa majaribio yetu mzee mmoja mvuvi, wa rika langu, alinijia pale nguzoni. Alikuwa na mtumbwi wa makafi na nyavu za magege. Akaniamkia kwa adabu, akasema, “Mwalimu, mawimbi ya boti yenu yananivurugia nyavu. Maboya yanahama, na juzi mtumbwi umeingia maji. Nawaomba mpite mbali kidogo.” Nami, nikiwa na saa mkononi na jaribio likisubiri, nilimjibu, “Mzee mwenzangu, ziwa ni la Serikali. Kila mtu ana haki ya kupita.” Akanitazama, akasema, “Haya, Mwalimu,” akaondoka. Jibu lile lilikuwa kweli kama sheria na baya kama neno la mtu kwa mtu. Nilijua hivyo hata wakati ninalitamka.

Jambo la pili. Injini hizi huwa na kamba nyekundu iliyosokotwa. Ncha moja hushikizwa kwenye kitufe cha kuzimia, ncha nyingine hufungwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye jaketi okozi la dereva. Dereva akianguka, kamba inachomoka na injini inazimika papo hapo. Kamba yetu ilikuwa imelegea kwenye kishikizo. Mara mbili boti iliporuka kwenye wimbi ilichomoka, injini ikazimika, na kipimo changu kikaharibika. Mara ya tatu nikakasirika. Tukafanya walivyofanya wengi: tukakata kipande cha plastiki kwenye dumu kuukuu, tukakichomeka mahali pa kishikizo. Kamba nikaitia katika mfuko wa koti langu. Si mwanangu aliyeitia. Ni mimi, niliyetumia nusu ya maisha yangu kuwaambia watoto wa watu wafuate maelekezo.

Siku ya tano tulitaka kujua kama inchi moja juu zaidi itatupa sekunde 38. Tukainua injini, na ili mkono wake usichoke, mwanangu akakaza skrubu ya kishikio cha mafuta kisirudi chenyewe. Akaenda vizuri. Kwenye nguzo ya mbali akakata kona ili arudi. Injini ikiwa juu kupita kiasi, rafadha kwenye kona humeza hewa, huachia maji, kisha huyashika tena kwa ghafla. Boti ilisita, ikaruka upande, nami nikaona mtu angani, kisha nikaona boti peke yake.

Hapakuwa na wa kuizima. Mpini ukiachwa, msukumo wa rafadha huuvuta upande mmoja, na boti huanza kuzunguka. Haiendi zake, humrudia yule iliyemwangusha. Mwanangu alikuwa ameelea ndani ya jaketi lake, na jaketi linalomshika mtu juu ya maji linamzuia pia kuzama chini boti inapopita. Ilipita mara ya kwanza umbali wa mita labda tano kutoka kwake. Mara ya pili karibu zaidi. Ziwa Rukwa lina mamba wengi, lakini siku hiyo sikuwafikiria. Niliwaza rafadha. Nilisimama ufukweni, mkono ndani ya mfuko wa koti, nimeishika kamba nyekundu. Nilipiga kelele jina la mwanangu kana kwamba jina lingeweza kuzima injini.

Aliyekuwa karibu ni yule mzee. Alipiga kafi kuelekea kwenye duara la boti, si kuikimbia. Akaukusanya wavu wake wote, kamba na maboya, akasimama katika mtumbwi ule mwembamba, na boti ilipokuja mara ya nne akautupa mbele yake. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Wavu ulikuwa umejizungusha kwenye rafadha mpaka hapaonekani chuma. Kisha, bila haraka, akaenda kumchukua mwanangu.

Walipofika nchi kavu mwanangu alitetemeka kwa muda mrefu. Mzee aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi akakamua shati lake. Sikupata neno. Nilisema, “Wavu wako, mzee wangu.” Akajibu, “Wavu unashonwa, Mwalimu.” Hakusema lingine. Hakunikumbusha kwamba ziwa ni la Serikali. Angenikumbusha, ningeona nafuu.

Baadaye nilisoma kwamba janga hili halina nchi yake maalumu. Mei 2013, huko Padstow nchini Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa majini kutoka katika boti yao ya kasi. Dereva hakuwa amejifunga kamba, boti ikawazungukia. Baba na binti yake wa miaka minane walifariki. Marekani nayo, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria inamtaka dereva wa boti ya chini ya futi 26 yenye kifaa hicho kukitumia iendapo kwa kasi. Nilipoyasoma hayo sikujisikia bora kuliko yeyote. Wenzetu wa Padstow waliipoteza dakika moja. Sisi tuliirudishiwa na mtu tuliyekuwa tumemjibu vibaya.

Injini tuliishusha inchi ile moja, na kipande cha plastiki nikakichoma moto mimi mwenyewe. Kishikizo tulinunua kipya. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kunitia aibu. Wavu mpya tuliununua pia, na nilikwenda kumkabidhi mzee mbele ya wavuvi wenzake, nikasema kwa sauti kosa langu lilikuwa lipi. Walimu hatukuzoea kufanya hivyo. Alipokea wavu kwa mikono miwili, akauliza macho yake ni ya inchi ngapi, akaridhika. Tangu siku hiyo boti yetu hupunguza mwendo kabla ya kufika kwenye maboya ya mtu yeyote, na mwanangu haiwashi bila kamba mkononi. Watu humtania kwamba amefungwa kama ndama. Huwajibu kwamba ndama aliyefungwa hurudi nyumbani.

Ndugu msomaji, sikuiacha kasi wala sikatazi vijana kuipenda. Daftari langu bado ninalo, na siku boti inapokwenda tupu bila mzigo, mimi huomba nikae mbele, omo ikipasua maji, upepo ukinitoa machozi. Ni raha ambayo sina sababu ya kuikana. Ila nimejifunza kwamba katika vipimo vyote tulivyoandika, vya inchi, mizunguko na sekunde, palikosekana viwili: mawimbi yetu yanamfikia nani, na ni nani atakayeizima mashine siku tutakapoanguka.

Niliwaandikia watoto kwamba ngamani ni sehemu ya chini ya chombo yanakokusanyika maji. Ndivyo kamusi isemavyo, na sikukosea. Lakini jioni ile niliiona ngamani ya mtumbwi wa yule mzee: maji kidogo, magege mawili, na mwanangu amelala humo akihema. Nilitembea na boti tezi na omo, na marejeo yangu yalikuwa hapo.